Dorian Gray ana sura ngapi? Hesabu kabla hujalipa

Nilichonunua: The Picture of Dorian Gray, riwaya ya Oscar Wilde, jalada laini. Muuzaji alianzia Sh 10,000, tukaachana kwenye Sh 6,000. Ilikuwa Posta, Dar es Salaam, kando ya barabara, vitabu vimetandazwa juu ya turubai, chenyewe kimekaa kati ya kitabu cha uhasibu na Biblia isiyo na jalada.

Mimi ni fundi fremu. Mwaka wa 19 huu nakata mbao nyuzi 45, nakata kioo kwa almasi, nafunga mgongo kwa hadibodi. Vyeti, harusi, Ayatul Kursi, Moyo Mtakatifu wa Yesu, marehemu wa familia za watu, vyote vinapita mezani kwangu. Sikukinunua kitabu hiki kwa sababu namjua Wilde. Nilikinunua kwa sababu jaladani wamechora fremu ya dhahabu ambayo pembe zake hazikutani. Ile ya juu kushoto unapitisha kidole. Nikacheka peke yangu, muuzaji akadhani nimekipenda sana, bei ikagoma kushuka tena.

Nianze na bidhaa yenyewe. Ni mbovu. Gundi ya mgongoni ni ya kubahatisha: nilipofika ukurasa wa arobaini na kitu karatasi zikaanza kuchomoka moja moja, ikabidi nikibane kwenye jiriwa usiku kucha na gundi nyeupe ya mbao, na sasa kimekuwa kigumu kama kigae lakini angalau kinasomeka. Pambizo la ndani ni jembamba mno, maneno ya mwisho wa mstari yanazama kwenye mshono. Kuna ukurasa Dorian ameitwa Donan mara mbili. Nilitafuta jina la mchapishaji au hata la mji, sikuona popote. Jaladani tu, kwa herufi kubwa, wameapa kwamba hili ni toleo kamili. Shikilia neno hilo, kamili, nitalirudia.

Kwa asiyeijua hadithi: ni London ya zama za Malkia Victoria. Mchoraji, Basil Hallward, anamchora kijana mzuri kupita kiasi, Dorian Gray, picha ya mwili mzima. Siku picha inapokamilika yupo pale rafiki wa mchoraji, Lord Henry Wotton, mtu ambaye kazi yake duniani ni kuongea. Anamwambia kijana kwamba ujana ndio mali pekee ya maana na kwamba wake utakwisha upesi. Kijana alikuwa hajawahi kulifikiria hilo. Anaiangalia picha, wivu unamshika, yaani anaionea wivu picha yake mwenyewe, anatamka kwamba angetoa hata roho ili picha ndiyo izeeke na yeye abaki alivyo. Ombi linapokelewa. Hakuna shetani anayetokea, hakuna mkataba wa damu, hakuna radi. Wilde hakujisumbua kutuambia ni nani aliyeitika, na nampa heko kwa hilo.

Kuanzia hapo uchafu wake wote unaandikwa kwenye picha. Anamchumbia mwigizaji masikini, Sibyl Vane, kisha anamtupa kwa sababu usiku mmoja ameigiza ovyo mbele ya rafiki zake. Alfajiri anaporudi nyumbani, kabla hajajua kwamba binti amekunywa sumu, mdomo wa kwenye picha umeshaota mkunjo wa ukatili. Kwanza anasema ni mwanga. Anavuta mapazia, anaangalia tena. Mkunjo upo. Basi miaka inakwenda, yeye sura ile ile ya miaka ishirini, na kule juu darini picha inaoza kwa niaba yake.

Kiingereza chake sikufichi, kilinitoa jasho. Nina kidato cha nne na kamusi. Ajabu ni kwamba maneno ya Lord Henry ni mepesi kuliko yote, mafupi, yanateleza. Nilijikuta nayakubali kabla sijayafikiria, kisha dakika tano baadaye, nikiwa napiga pini, nashtuka: hee, amesema nini huyu? Nadhani ndivyo alivyompata na kijana. Maelezo ya maua na mapazia ndiyo yaliyonichosha.

Sasa turudi kwenye "kamili".

Nilikuwa nimefika kama katikati, siku hiyo akaja Mwalimu, mteja wangu wa siku nyingi, kuchukua fremu ya cheti chake cha kustaafu. Amefundisha Kiingereza sekondari miaka zaidi ya thelathini. Akakiona kitabu juu ya meza.

"Fundi, kumbe unasoma haya mambo?"

"Nasoma, Mwalimu. Polepole, na kamusi pembeni."

"Umeshafika kwa mwenzako Hubbard?"

"Hubbard ndiyo nani?"

"Fundi fremu, bwana! Yule anayekuja kubeba picha."

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba nimeshafika, na kwamba fundi fremu wa humu ndani anaitwa Ashton. Akasema Hubbard. Nikasema shikamoo yangu ipo palepale, Mwalimu, lakini ni Ashton. Tukawekeana soda. Nikafungua ukurasa, nikaweka kidole: Ashton. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na yule baharia, humu kafa vipi?"

"Baharia gani?"

Aliniangalia kama nimemwambia mbili mara mbili sijui ni ngapi. "Kaka yake Sibyl. James."

Kwenye nakala yangu Sibyl ana mama tu. Hana kaka. Hakuna baharia, hakuna anayekufa kwa jina hilo. Mwalimu akaondoka na cheti chake kwapani, hajanywa soda, kesho yake asubuhi akarudi na kitabu chake, kikuukuu, kimefungwa kwa mpira wa pesa. Tukaviweka pamoja. Chake kina sura 20. Changu kina sura 13. Kijana anayejulikana dunia nzima kwa kuwa na sura mbili, mimi nimeuziwa akiwa na upungufu wa sura saba.

Kumbe wote tulikuwa sahihi. Riwaya hii ilitoka kwanza kwenye jarida la Marekani, Lippincott's Monthly Magazine la Philadelphia, toleo la Julai 1890. Mhariri wake, J. M. Stoddart, alikuwa amekwenda London Agosti 1889 akawaalika chakula cha jioni Langham Hotel waandishi wawili, Wilde na Arthur Conan Doyle, na meza hiyo moja ikazaa Dorian Gray pamoja na riwaya ya pili ya Sherlock Holmes. Ile ya jarida ndiyo yenye sura 13, na hata hiyo Stoddart aliipitishia msumeno kabla ya kuichapa. Magazeti ya Uingereza yakaishambulia kwamba ni uchafu, W. H. Smith, waliokuwa na vibanda vya magazeti kwenye vituo vya treni, wakaliondoa jarida. Aprili 1891 Wilde akaitoa upya kama kitabu, kwa wachapishaji Ward, Lock wa London: akaongeza sura sita nzima, akaigawa ya mwisho mara mbili, akalainisha maneno ambayo Basil anamwambia Dorian juu ya mapenzi yake kwake, akaweka mbele dibaji ya semi fupi fupi kuwajibu waliomtukana. Haikumsaidia. Mwaka 1895, mahakamani, wakili wa upande wa pili, Edward Carson, alisoma vipande vya riwaya hiyo kama ushahidi wa tabia yake, na mwaka haukwisha kabla Wilde hajahukumiwa miaka miwili na kazi ngumu.

Haki za kuchapisha zilishakwisha zamani, kwa hiyo kila mwenye mashine anachapa. Yaliyomo kwenye nakala yangu si ya kughushi. Ni ya 1890. Kosa ni la aliyechapa kuiita kamili, na kutosema popote ni ipi kati ya hizo mbili. Njia rahisi ya kujua ukiwa umesimama juani mbele ya muuzaji: funua mwisho, angalia namba ya sura ya mwisho. Au mtafute fundi fremu.

Na habari ya huyo fundi lazima niieleze, maana niliisoma kwenye utangulizi wa kitabu cha Mwalimu nikaweka randa chini. Coulson Kernahan, mtu aliyefanya kazi na wachapishaji wale, amesimulia kwamba kitabu kikiwa mitamboni Wilde alituma telegramu: wasimamishe kila kitu, kuna kosa baya mno, anakuja mwenyewe. Alipofika, kosa lenyewe likawa hili. Fundi fremu amempa jina la Ashton, na Ashton ni jina la muungwana! Haliwezi kukaa kwa mtu wa dukani. Abadilishwe awe Hubbard. Hilo ndilo jina linalonuka uchuuzi.

Mtu mzima anasafiri kwa ajili hiyo. Nimekaa na jambo hili wiki nzima. Nimemuuliza mke wangu kama jina langu linanuka, akasema jina hapana, gundi ndiyo.

Lakini sura anayotokea, ya 10 kwenye kitabu chenye sura 20, ni tamu, na imeandikwa na mtu anayeijua kazi yetu kuliko alivyojifanya. Bwana Hubbard anakuja mwenyewe na kijana wake wa kazi. Kwa kawaida hatoki dukani, anasubiri wateja wamfuate, ila kwa Dorian anatoka, kwa sababu hata kumwona tu ni raha. Anaanza kumtangazia fremu ya Kiitaliano ya kale aliyoiokota mnadani. Dorian anamwambia leo ni kubeba tu. Wanabeba. Picha ni kubwa, fremu imenakshiwa, nzito. Dorian anajaribu kusaidia na Hubbard anakosa raha, maana fundi wa kweli hapendi kumwona muungwana akifanya kitu chenye faida. Nilipiga meza hapo. Mteja wangu mwenye gari akishika upande mmoja wa kioo, mimi moyo hautulii mpaka aachie. Si heshima peke yake, ni kioo.

Wanafika juu wanahema. Hubbard anauliza waiweke wapi. Dorian anasema hataki itundikwe. Waiegemeze tu ukutani. Hubbard anaomba aione, Dorian anakataa, na mafundi wanashuka zao. Yule kijana wa kazi anageuka kumwangalia Dorian mara nyingine, hajawahi kuona binadamu mzuri namna ile.

Picha iliyoegemezwa chini, kwenye chumba ambacho hakijafunguliwa miaka mitano. Fundi yeyote hapo anaumia. Kwa hiyo niliendelea kusoma nikiwa na hiyo picha kichwani, imeegemea, imefunikwa shuka ya zambarau. Miaka mingi inapita, Basil Hallward anakuja usiku, Dorian anampandisha juu na taa, na picha sasa ina pazia lenye fimbo yake. Fimbo! Na ukurasa wa mwisho kabisa, watumishi wanapoingia, wanaikuta picha inaning'inia ukutani.

Nani aliitundika?

Hubbard hakurudi. Watumishi hawakuingia, ufunguo alikuwa nao Dorian. Nimerudi nyuma nimetafuta, nikakuta mstari mmoja tu, umejificha sura ya 11: aliitundika kwa mikono yake. Basi ni yeye mwenyewe. Picha ya mwili mzima, fremu ya kunakshi, iliyowatoa watu wawili pumzi ngazini. Mimi nikipewa kazi hiyo nachukua vijana wawili, kulabu mbili za chuma, na nusu siku. Yeye, mkono ambao haujawahi kubeba ndoo, aliipandisha peke yake na mlango umefungwa, akagonga misumari, akapima usawa, akafunga fimbo, akaweka pazia ili afungue na kufunga atakavyo.

Mwalimu anasema nisijisumbue, ni mstari wa kupita tu. Mimi nasema mtu aliyesimamisha mitambo kwa ajili ya jina la fundi haandiki mstari huo ovyo.

Hili ndilo lililonifanya niandike mapitio haya. Watu wanaosifia kitabu hiki wanakiuza kama hadithi ya mtu aliyeficha dhambi zake. Anayeficha picha anaigeuza uso ukutani. Ninazo kumi na moja hapa kibandani, waliolipa nusu wakapotea, zimegeuka zote, vumbi linakula mgongo badala ya uso. Dorian aliitundika yake uso mbele. Sura ya 11 inasema wazi kwamba alikuwa akipanda kule na kioo, anasimama mbele ya picha, anaangalia uso ule mbaya kisha huu mzuri, mmoja baada ya mwingine, na utofauti wao unampa raha. Tunadhani majivuno ni ya mtu kupenda uzuri wake. Huyu alifika mahali akaupenda na uozo wake, akauwekea na pazia kama jukwaa.

Kuna pia kioo alichopewa na Lord Henry, fremu yake ya pembe za ndovu, imechongwa vitoto vyenye mabawa. Kitabu hakisemi pembe zilitoka wapi. Mimi babu yangu mzaa mama ni wa Bagamoyo, kwa hiyo hapo nilisita kidogo. Miaka ile Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe, na Julai hiyo hiyo ya 1890 jarida likiwa mitaani, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba ulioiweka Zanzibar chini ya Uingereza. Lakini nisikivutie kitabu kwetu kwa nguvu. Ni kioo cha London, kinavunjwa London, kwa kisigino.

Nimekiona kitendo kile cha vioo kwa macho yangu lakini, na si kitabuni. Kabla sijafunga picha huwa nashika kioo juu yake niangalie kama kuna vumbi. Mwezi wa pili alikuja mzee mmoja na picha yake ya mwaka 1974, suruali pana, nywele za wakati ule, mkono kiunoni. Nikashika kioo, mzee akainama kuangalia, na uso wake wa leo ukaja kukaa juu ya ule wa 1974, pua juu ya pua. Alibaki ameinama muda mrefu kidogo. Kisha akasema, "Huyu bwana nilikuwa namjua," akaniuliza kama kioo kisichoakisi kinagharimu kiasi gani. Nilimwambia. Akasema basi weka cha kawaida.

Na wakati Basil anaiona picha kule juu, unajua anasingizia nini kwanza? Unyevu. Anasema chumba kina unyevu, ukungu umeingia kwenye kitambaa, au rangi alizotumia zilikuwa na sumu ya madini. Ningesema hivyo hivyo, kwa pwani hii, neno kwa neno. Mchoraji ameshaona jina lake pembeni kwa rangi nyekundu, na fremu aliyoibuni mwenyewe; anaisogelea tena, rangi juu haijaguswa. Ubovu umetoka kwa ndani. Hapo ndipo anamwomba mwenzake wapige magoti wasali. Kinachomfuata ni kisu.

Sitakwambia zaidi upande huo. Nitakwambia kilichokosekana kwenye nakala yangu, maana ndicho ulichokuwa ulipie.

Zile sura sita zilizoongezwa ndizo zenye masikini ndani yake. Nyumbani kwa akina Sibyl, mama na deni lake, kaka James anayeondoka kwenda Australia na kuapa kwamba yeyote atakayemdhuru dada yake atamuua. Vijumba vya kasumba kando ya mto, karibu na gati. Na uwindaji. Dorian yuko shambani kwake na wageni, baridi kali, wanapiga risasi. Sungura anachomoka kichakani. Dorian, kwa sababu mruko wa mnyama yule umempendeza, anapiga kelele: usimpige, mwache aishi. Mwenzake anafyatua. Vilio viwili vinasikika, cha sungura na cha mtu. Mtu alikuwa nyuma ya kichaka. Na yule aliyefyatua analalamika kwamba mjinga huyo, kukaa mbele ya bunduki, amemharibia uwindaji wa siku nzima.

Wanadhani ni mmoja wa wakurupushaji, wale wanaowatoa wanyama vichakani. Dorian anafikiria kumtumia mjane pesa. Kisha anaambiwa marehemu hajulikani, anaonekana kama baharia. Anapanda farasi mbio hadi zizini, anaamuru leso iondolewe usoni, hathubutu kuishika mwenyewe. Ni James Vane. Dorian anatoa ukelele wa furaha. Anarudi nyumbani machozi yakimtoka, kwa sababu sasa yuko salama.

Sungura alimwombea uhai. Mtu anamlilia kwa raha. Na mimi nilikuwa nimeuziwa kitabu kisicho na ukurasa huo, jaladani kimeandikwa kamili.

Kuna mambo hata kwenye kile cha sura 20 yatakukera. Sura ya 11 ni orodha: manukato, vito, ngoma, vitambaa vya kutarizi, majoho ya makasisi, ukurasa juu ya ukurasa, kama mtu anahesabu mali ya duka lililofilisika. Niliruka, nikarudi kwa ajili ya mapambo ya vitambaa, nikaruka tena. Mwenye ukumbi wa tamthilia amechorwa kwa dharau mbaya kwa sababu tu ni Myahudi, na mwandishi haoni tatizo. Wanawake wengi wamewekwa ili Lord Henry apate wa kuwatania. Na kuna kosa la kiufundi: mwezi mmoja tu baada ya picha kukamilika imeshafika kwa Dorian ndani ya fremu, wakati Basil alikuwa ameahidi kwamba ikikauka itapigwa vanishi kwanza. Rangi ya mafuta mwezi mmoja haijakauka ya kupigwa vanishi. Hungoja hata nusu mwaka. Labda ndiyo maana iliharibika.

Kwa ufupi wa dukani: hiki changu, nyota mbili, moja ya Wilde na moja ya ile fremu ya jaladani iliyonichekesha. Chenye sura 20 na dibaji, hata kikiwa kikuukuu, lipa 15,000 usijute. Kama una moyo wa kusoma vyote, anza na cha sura 13. Kinakwenda mbio, na Basil humo anasema anachotaka kusema. Soda ya Mwalimu tulikunywa nusu kwa nusu, yeye alitaka baridi, mimi ya moto.

Jambo moja la mwisho, halihusu bei. Nina picha ya bibi harusi niliyoiweka mbele ya kibanda kama tangazo, tangu mwaka wa tatu wa kazi. Jua la mchana linaipiga. Picha za rangi zikipigwa jua wekundu ndio unaotangulia kuondoka, kwa hiyo miaka ilivyokwenda bibi harusi akageuka buluu, midomo buluu, mashavu kijivu, shela kama ukungu. Juzi mwenyewe amepita, na watoto watatu na mfuko wa nyanya, amenenepa, anang'aa. Akasimama, akaiangalia.

"Fundi, huyu mbona anaumwa?"

Nikaomba radhi, nikamwambia naitoa leo leo. Akaisogelea, akaigonga kioo kwa ukucha.

"Aa, mwache," akasema. "Mwache aumwe yeye."